Stenlesi ya Kibuye na pleti ya hospitali: mita ya ohmu haiwezi kuzitofautisha

Swali: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika ufundi wa vifaa vya hospitali, na mafunzo ya kazini nayafanya hapa Kisumu. Wodi ya mifupa imejaa vijana wa bodaboda waliowekewa vyuma. Kwa mradi wangu nilipewa, kwa idhini, pleti iliyotolewa mguuni mwa mgonjwa baada ya mfupa kuunga. Nikanunua soko la Kibuye kipande cha stenlesi cha ukubwa uleule. Mita ilisoma ohmu 0.3 kwa vyote viwili. Je, ni chuma kimoja? Kama ni kimoja, mbona pleti ya hospitali ni ghali hivyo na fundi wa jua kali anaweza kukata nyingine kama hiyo kwa siku moja? Na umeme unaweza kunieleza nini hasa kuhusu chuma kinachokaa mwilini?

Jibu: Mwanangu, hiyo 0.3 si ya pleti wala si ya stenlesi ya Kibuye. Ni ya waya za mita yako na pale ncha zake zinapogusa chuma. Zigusanishe ncha hizo bila kitu katikati, utaona 0.3 ileile au jirani yake. Ukinzani wa kipande chako ni mdogo kuliko huo kwa karibu mara mia, kwa hiyo mita haikuuona kabisa. Ulipima waya mara mbili ukapata jibu moja.

Swali la bei ni zito kuliko unavyodhani na nitalifikia. Kwanza ujue kwamba umeme huchunguza vyuma vya kupandikiza kwa njia mbili, na njia hizo hazijibu swali moja. Unaweza kupitisha mkondo ndani ya chuma, ukauliza kimechanganywa na nini na kimefanyiwa nini kiwandani. Au unakitumbukiza kwenye maji ya chumvi na kupima kinachotokea kwenye uso wake, ukauliza kama kitavumilia kukaa ndani ya mtu. Wanafunzi wengi hushikilia njia ya kwanza kwa sababu ni rahisi. Mgonjwa anahitaji jibu la njia ya pili.

Tuanze na ukinzani, upimwe inavyostahili. Unahitaji chanzo cha umeme kinachotoa kama ampea moja bila kuyumba. Maabara ikikosa, betri ya pikipiki na balbu ya volti 12 yenye wati 10 hivi vinatosha. Mkondo upite kwenye balbu, kisha kwenye chuma, kisha urudi kwenye betri. Balbu ikishawaka hushikilia mkondo chini kidogo ya ampea moja. Mita moja ikae kwenye njia ya mkondo isome ampea. Ya pili iweke kwenye milivolti, na ncha zake uzibane kwenye chuma chenyewe, upande wa ndani wa zile klipu zinazoleta mkondo, wala zisiguse klipu. Sasa waya nne zimegusa chuma: mbili zinaleta mkondo na mbili zinasoma tu. Kwa kuwa mita ya volti haivuti mkondo wa kuhesabika, ukinzani wa waya zake hauingii kwenye jibu. Gawanya milivolti kwa ampea, unapata miliohmu.

Chukua ufito wa duara wenye kipenyo cha milimita 5, na ncha za milivolti ziachane kwa milimita 100. Kwa ampea 1, stenlesi ya 316L, jamii ya stenlesi ambamo ile ya kupandikiza imo, itakupa milivolti 3.8. Titani ya daraja la 2, isiyo aloi, itakupa karibu 2.9. Aloi ya titani yenye aluminiamu asilimia 6 na vanadi asilimia 4, ambayo utaikuta kwenye nyonga bandia, itakupa karibu 9. Shaba isingefika hata 0.1. Namba hizi zinatokana na ukinzani mahususi, yaani ukinzani wa chuma chenyewe bila kujali urefu wala unene wa kipande: maikroohmu-sentimita 74 kwa 316L, karibu 56 kwa titani hiyo, karibu 178 kwa aloi yake. Mita ya kawaida ya dukani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya milivolti inazitenganisha koo hizi tatu bila shida.

Sasa weka stenlesi ya 304, ile ya sinki, sufuria na reli za ngazi, ambayo ndiyo uliyonunua kama sikosei. Ukinzani wake mahususi ni 72. Kwenye ufito uleule utasoma 3.7 badala ya 3.8. Ukikosea kipenyo kwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita, tofauti hiyo imeshapotea. Na pleti yako ina matundu ya skrubu na kingo zilizopinda, kwa hiyo hata eneo la mkato wake, pale mkondo unapopita, hulijui sawasawa. Hapo ndipo ukinzani unapoishia: utakuambia hiki ni stenlesi wala si titani, jambo ambalo mizani ingekuambia haraka zaidi, maana titani ni gramu 4.5 kwa sentimita moja ya ujazo na stenlesi ni karibu 8. Hautakuambia ni stenlesi ipi.

Pale unaposaidia kweli ni kulinganisha kipande na chenyewe, kabla na baada ya kazi fulani. Viwandani hutumia koili yenye mkondo unaobadilika juu ya uso wa chuma. Koili huamsha mikondo midogo inayozunguka ndani ya chuma, na masafa yakipanda mikondo hiyo inabaki karibu na uso. Kwenye 316L, kwa megahezi 1, inazama kama milimita 0.4 tu. Hivyo mtu anaweza kuona uso uliopigwa mchanga ili mfupa uushike umekazwa kiasi gani bila kukata chochote. Wengine hugusa chuma kwa ncha yenye joto na kusoma volti ndogo inayozaliwa kati ya penye joto na penye baridi. Nayo hubadilika aloi ikibadilika au ikifinyangwa baridi. Na waya za nikeli na titani, zile za kunyoosha meno na za stenti, vijibomba vya kuzibua mishipa ya damu, hupimwa ukinzani zikipashwa joto polepole, kwa sababu mstari wa ukinzani hupinda pale pale ambapo mpangilio wa atomu unabadilika. Mambo mazuri yote, lakini si ya pleti yako.

Njoo kwenye uso.

Stenlesi haikai salama mwilini kwa sababu ni ngumu. Inakaa kwa sababu ya utando wa oksidi ya kromi wenye unene wa nanomita chache, usioonekana kwa macho, unaojijenga wenyewe hewani na majini. Titani nayo ina utando wa oksidi yake. Utando ukiwa mzima, chuma na damu havikutani. Ukitoboka mahali pamoja na usijifunge, kloridi, yaani ile ya chumvi iliyo kwenye damu, huingia, tundu linachimbika kuelekea ndani, na nikeli na kromi zinamwagika kwenye nyama iliyo karibu. Umeme ndio unaouona utando huo ukifanya kazi, kwa sababu kila atomu ya chuma inayoyeyuka huacha elektroni nyuma, na elektroni zinahesabika. Maikroampea 1 kwa kila sentimita mraba, ikiendelea hivyo mwaka mzima, ni sawa na kupoteza karibu mikroni 10 za stenlesi.

Hii si elimu ya jana. Mwaka 1937 Charles Venable, Walter Stuck na Asa Beach, huko Texas, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba vyuma vya aina mbili vikiwekwa pamoja mwilini vinatengeneza mkondo, na mfupa na nyama vinaumia kwa sababu yake. Waliona aloi ya kobalti na kromi inatulia kuliko vingine walivyojaribu. Tangu hapo, daktari hachanganyi skrubu za chuma kimoja na pleti ya kingine bila sababu nzito.

Kwa kawaida kazi hii ya kupima uso hufanywa na potensiostati, mashine inayoshikilia volti ya chuma na kusoma mkondo wake, na kama chuo chako kinayo, au unaweza kuomba siku moja kwenye maabara ya kemia ya chuo kikuu kilicho karibu, fanya hivyo. Usipoipata, kuna njia ya mkono iliyotumika kabla ya mashine hizo kuenea, na inafundisha zaidi.

Unahitaji elektrodi tatu kwenye glasi moja. Chuma chako ni ya kwanza. Ya pili ni ya kumalizia mzunguko: fimbo ya kaboni kutoka betri kavu ya tochi, ikisuguliwa na kuchemshwa ikatakata. Ya tatu ni ya kulinganishia, na hii usiifanyie mzaha, kwa sababu kila volti utakayoandika inasomwa dhidi yake. Tafuta kipande cha waya wa fedha halisi kwa sonara, kisugue kwa msasa laini, kiloweke kwenye Jik kwa muda wa nusu saa au zaidi mpaka kipate rangi ya kijivu cha zambarau, kisha ukisuuze vizuri sana. Rangi hiyo ni kloridi ya fedha. Kwenye maji ya dripu, yaani chumvi asilimia 0.9, elektrodi hii inatulia vizuri. Jua tu kwamba si sawa na ile ya maabara iliyojaa kloridi ya potasiamu iliyokolea: yako itasoma chini kwa karibu milivolti 80. Ukilinganisha grafu yako na ya kitabu bila kurekebisha hilo, utajenga hoja juu ya kosa.

Maji yawe ya dripu, na yapashwe hadi nyuzi 37. Mchana wa Kisumu hauko mbali sana, lakini huku kwetu Nakuru asubuhi maji ya bomba yana baridi kali na matokeo yanabadilika. Chuma kisugue kwa msasa namba 600 kisha 1200, vipande vyote viwili sawasawa, ukioshe, ukiache hewani muda uleule. Funika sehemu zote kwa rangi ya kucha isipokuwa sentimita mraba moja. Halafu tumbukiza, na kabla ya kuwasha chochote, soma tu volti kati ya chuma na waya wa fedha kwa saa nzima. Mita ya dijitali yenye ukinzani wa ndani wa megaohmu 10 inafaa. Ile ya mshale inavuta mkondo na kuharibu kipimo. Volti ikipanda polepole na kutulia, utando unajijenga. Ikishuka, una tatizo.

Hapo fanya jambo moja dogo kabla ya kuendelea. Chukua kipande cha kigae au kioo kilichovunjika, na ukiwa umekodolea mita macho, kwaruza chuma mstari mmoja ndani ya maji. Volti itaanguka ghafla, kisha itapanda tena. Kuanguka ni utando uliochanika. Kupanda ni utando unaojishona. Kichwa cha skrubu kinachosuguana na pleti kila mgonjwa anapokanyaga chini hufanya hivyo hivyo, na ndiyo maana kutu ya vyuma vya mwilini huonekana sana chini ya vichwa vya skrubu. Ukigeuza pleti yako ukaikagua kwa lenzi kuzunguka matundu, nadhani utaona mikwaruzo hafifu au madoa.

Baada ya saa hiyo, ongeza volti kwa hatua. Tumia chanzo kinachorekebishika kati ya chuma na kaboni, huku mita ya pili ikisoma maikroampea, na ukipandisha volti ya chuma dhidi ya waya wa fedha kwa milivolti 20 kila dakika. Mwanzoni mkondo utakuwa mdogo, karibu na maikroampea moja au chache, na utakaa hapo hatua baada ya hatua ingawa volti inapanda. Huo ni utando ukizuia. Kisha ghafla, kati ya hatua moja na inayofuata, mkondo unaruka mara kumi na hauteremki. Andika volti hiyo. Ndiyo namba inayojibu swali lako, kwa sababu hapo ndipo kloridi imeushinda utando. Kwa kawaida 304 huanguka mapema, 316L huchelewa, na titani haianguki kabisa katika eneo hili hata ukivuka volti 1. Ukimaliza kupanda, rudi chini kwa hatua zilezile. Kama mkondo wa kurudi unabaki juu ya ule wa kupanda kwa umbali mrefu, matundu yaliyofunguka hayafungiki, na hilo ni baya kuliko kufunguka kwenyewe.

Toa chuma ukiangalie. Tundu moja jeusi lililo wazi katikati ya uso ni jambo moja. Ukikuta kutu imeanza chini ya ukingo wa rangi ya kucha, tupa kipimo hicho urudie, maana umepima mwanya ulioutengeneza mwenyewe.

Kuna kinachotofautisha 316L na 304 hapa, na ni molibdeni. Stenlesi ya kupandikiza, kwa kiwango kinachojulikana kama ASTM F138, ina molibdeni asilimia 2.25 hadi 3, kromi 17 hadi 19, nikeli 13 hadi 15, na kaboni isiyozidi 0.030. Lakini angalia pia salfa. Katika F138 haizidi asilimia 0.010, katika 316L ya kawaida ya viwandani inaruhusiwa hadi 0.030. Salfa hujikusanya na manganisi ikawa vipunje vidogo ndani ya chuma, na vipunje hivyo ndipo matundu yanapoanzia. Ndiyo maana chuma cha kupandikiza huyeyushwa tena katika ombwe ili kisafishike. Hata 316L halisi kutoka duka la vyuma si chuma cha kupandikiza.

Jambo moja kuhusu pleti yako lazima uliulize kabla ya kupima: ilisafishwaje? Hospitali nyingi huondoa vijidudu kwa klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10. Dakika 10 na kusuuza mara moja ni sawa. Ikiwa mtu aliiacha humo usiku kucha, klorini ileile iliyokutengenezea waya wa fedha imekula pleti, na matundu utakayoyaona ni ya ndoo, wala si ya mguu wa mgonjwa. Usipopata jibu la uhakika, usiandike kwamba pleti iliota kutu mwilini. Na usiiguse kwa mikono mitupu mpaka uhakikishe imepita kwenye mvuke.

Ukipata potensiostati yenye uwezo huo, omba pia kipimo cha impidansi, yaani ukinzani kwa mkondo unaobadilika. Chuma hutikiswa kwa volti ndogo ya milivolti 10 hivi, kuanzia masafa ya kilohezi 100 kushuka hadi sehemu ya mia ya hezi, ambapo wimbi moja tu huchukua sekunde 100. Faida yake ni kwamba hakiharibu utando, kwa hiyo unaweza kukirudia kipande kilekile wiki baada ya wiki. Pale chini kabisa, impidansi ikiwa kubwa, utando ni mzima. Ikianza kushuka wiki hadi wiki, kuna kinachoingia. Ningependa kila mwanafunzi wa vifaa vya hospitali akione kipimo hiki angalau mara moja.

Usijaribu kupandisha stenlesi kwenye volti nyingi ili uone rangi kama za titani. Titani, karibu volti 10, hupata rangi ya dhahabu iliyoiva, na karibu 30 hugeuka buluu, kwa sababu utando wake unanenepa. Stenlesi haifanyi hivyo. Inayeyuka, na kromi inayotoka ni ya aina yenye sumu kali.

Sasa bei, na fundi wa jua kali. Fundi wa Kibuye ana mikono mizuri, na sina shaka atakata pleti inayofanana kabisa na hii. Tatizo ni kwamba jiwe lake la kusagia limeshasaga chuma cha kawaida, na vumbi la chuma hicho linabaki kwenye uso na kuota kutu. Pleti ya hospitali husuguliwa kwa umeme, kisha huoshwa kwa asidi ya nitriki ili uso ubaki na kromi nyingi na bila chuma huru. Chuma chenyewe kimefuatiliwa tangu kwenye tanuri. Hupimwa pia uchovu wake, maana mguu unaotembea huipinda pleti mara nyingi mno kabla mfupa haujaunga. Hayo ndiyo unayolipia. Na maji ya dripu kwenye glasi hayana protini, wala hayana uvimbe wa baada ya upasuaji ambao huweza kushusha pH, kipimo cha uchachu, kutoka 7.4 hadi karibu 5. Kwa hiyo hata kama kipande cha Kibuye kingefaulu mezani kwako, hakijafaulu kuingia kwa mtu. Anayeweza kuruhusu kifaa cha namna hiyo nchini ni Bodi ya Dawa na Sumu, baada ya kuona vyeti vya chuma na vya kiwanda. Ukisikia mtu yeyote anapendekeza pleti za kuchonga mtaani zitumike wodini, mwambie msimamizi wako siku hiyohiyo.

Kwa mradi, pima vipande vitatu kila kimoja mara tatu: cha Kibuye, pleti, na skrubu ya titani ukibahatika kuipata. Kila grafu iandikwe eneo la uso, joto, namba ya msasa, elektrodi ya kulinganishia na hatua ya milivolti. Volti ya kutoboka iandike pamoja na ilivyotawanyika kati ya vipimo vitatu, maana kutoboka kuna bahati ndani yake na namba moja peke yake haina maana. Nitumie ya kwanza kabla hujafanya ya pili, niangalie waya wako wa fedha umetulia.